Maswali ya Wasomaji: Fedha Zisizofanana na Mwenye Nazo

Toleo hili tunajibu barua zinazohusu utakatishaji wa fedha haramu kupitia benki, yaani kuzipitisha fedha za uhalifu ili zionekane halali. Zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Mimi ni keshia katika tawi la benki. Kwenye semina tulipewa orodha ndefu ya dalili za fedha haramu, lakini foleni ikishajaa nina dakika mbili tu na mteja. Niangalie nini hasa? – *Keshia, Mwanza*

JIBU: Anza na jambo moja: muamala huu unafanana na mtu aliyejieleza kwenye fomu ya kufungulia akaunti? Mfumo unakuonyesha kazi yake, kipato alichokitaja na mwenendo wa akaunti yake. Mwalimu mwenye mshahara wa laki tisa akiingiza milioni 35 mara tatu ndani ya wiki moja, hafanani na fomu yake. Mwenye duka la jumla akiingiza kiasi hichohicho, endelea na kazi. Wanaotazama ukubwa wa fedha peke yake huwasumbua wafanyabiashara na kuwapitisha wahalifu.

Ukishaona hazifanani, ndipo dalili nyingine zinapata uzito. Iliyozoeleka zaidi ni kukatakata. Kenya, kwa mfano, benki hutakiwa kuripoti kila muamala wa fedha taslimu unaofikia thamani ya dola 15,000 za Marekani, uwe na shaka au usiwe nayo. Anayeikwepa ripoti hiyo huleta thamani ya dola 14,000 asubuhi, mchana anakwenda tawi la pili, jioni anamtuma mtu. Muamala mmoja mmoja haukuambii kitu. Fungua taarifa ya wiki nzima.

Nyingine ni akaunti inayopokea amana kutoka kwa watu wengi wa miji tofauti, kisha fedha zote zinatolewa siku hiyohiyo. Hapo uwe mwangalifu, maana hata mfanyabiashara wa dagaa wa Kirumba hulipwa hivyo na wateja wa Tunduma, Arusha na Dar es Salaam. Tofauti iko kwenye yanayofuata. Akaunti ya biashara halisi ina msimu wake, viwango visivyo vya duara (4,385,000, si 4,000,000), majina ya walipaji yanayojirudia, na matumizi ya kibiashara: usafiri, kodi ya pango, Mamlaka ya Mapato (TRA), wenye mitumbwi. Akaunti ya kupitishia haina gharama yoyote. Fedha zinaingia, zinatoka, salio linarudi karibu na sifuri.

Usiidharau pia akaunti iliyolala kisha ikaamka ghafla. Mwezi Mei 2015 zilifunguliwa akaunti nne katika tawi moja la benki ya RCBC mjini Makati, Ufilipino, kila moja kwa dola 500, kwa majina ya kughushi. Hazikuguswa hadi Februari 2016, zilipopokea dola milioni 81 zilizoibwa kutoka kwenye akaunti ya Benki Kuu ya Bangladesh iliyoko New York. Maombi ya kuzuia malipo yalifika, lakini fedha zikaendelea kutoka. Meneja wa tawi alihukumiwa kwa utakatishaji mwaka 2019. Kwa dola 500 na miezi tisa ya ukimya, swali moja tu la “fedha hizi ni za nini?” lilistahili kuulizwa kabla ya kulipa chochote.

Mengine utayaona usoni pa mteja. Yupo asiyejali makato wala hasara ya kubadilisha fedha. Yupo anayeuliza “mnaripoti kuanzia shilingi ngapi?”, na yupo anayefuta muamala mara tu anapoombwa kitambulisho. Yupo pia anayejibu kila swali baada ya kusoma simu yake, au baada ya kumtazama aliyeongozana naye. Huyo wa mwisho huenda si mhalifu bali anatumiwa.

SWALI: Nauza vitenge Kariakoo. Nilipeleka benki milioni 48 za mauzo, wakanitaka nieleze zimetoka wapi. Nimejisikia vibaya. Nikigawanya milioni kumi kumi, si wataacha kuniuliza? – *Mama Vitenge, Dar es Salaam*

JIBU: Usigawanye, mama. Fedha zako ni halali, ila kuzigawa ndiko kutakakokuingiza kwenye orodha ya kuchunguzwa. Kuulizwa si kushtakiwa; sheria inailazimu benki kujua chanzo, na jibu lako linabaki kwenye faili.

Nenda na namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara, muhtasari wa mauzo kutoka kwenye mashine ya risiti za kodi (EFD) na ankara za mzigo. Kisha omba wahuishe taarifa zako. Matatizo mengi ya namna hii hutokana na fomu iliyojazwa zamani, biashara ikiwa meza moja, na mwenye nayo sasa ana maduka mawili. Mauzo ya duka yasipitie akaunti binafsi. Zikichanganyika na michango ya harusi na ada za watoto, hata wewe hutaweza kuzieleza.

SWALI: Nipo kamati ya mikopo ya chama cha akiba na mikopo (SACCOS). Mwanachama alikopa milioni 60 kwa miaka mitatu, akalipa zote taslimu baada ya miezi mitatu tu. Wenzangu wanamsifu. Mimi sina amani. – *Mjumbe, Moshi*

JIBU: Una sababu ya kukosa amani. Mkopo unaolipwa haraka kwa fedha zisizoelezeka ni njia ya zamani ya kutakatisha. Mkopaji hakuwa na shida ya fedha. Alikuwa na shida ya karatasi. Sasa akinunua nyumba na kuulizwa chanzo, ataonyesha mkataba wenu. Fedha chafu zimebaki kwenu, naye ameondoka na safi. Riba aliyolipa anaihesabu kama ada ya huduma.

Hata hivyo, kulipa mapema peke yake hakutoshi. Mkulima wa kahawa hulipa baada ya mavuno, na aliyeuza kiwanja hulipa mara moja. Mwulizeni chanzo cha fedha za marejesho. Akisema kiwanja, ombeni mkataba wa mauzo na ushahidi wa malipo ya mnunuzi. Angalieni pia dhamana ilikuwa ya nani. Mkopo uliodhaminiwa kwa amana ya mtu asiye ndugu wala mshirika wake, ambaye haulizi lolote, unaongeza shaka. Na mkopo wenyewe ulitumika? Kama milioni 60 zililala kwenye akaunti miezi yote mitatu, alikopa za nini?

SWALI: Niliandika taarifa ya muamala shuku (unaotiliwa shaka), meneja akaniambia huyo ni mteja mkubwa, niache. Nifanye nini? – *Asiyetaka kutajwa*

JIBU: Meneja wa tawi hana mamlaka ya kuifuta shaka yako. Ipeleke kwa afisa wa kuripoti aliyeteuliwa na benki, kwa kawaida yuko makao makuu, na uandike tarehe na saa. Kwa sheria ya Tanzania, taarifa inatakiwa kufika Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu ndani ya saa 24 tangu shaka ilipojengeka, kwa hiyo usisubiri kikao cha Jumatatu. Sheria humlinda anayeripoti kwa nia njema, hata shaka ikionekana baadaye haikuwa na msingi.

“Mteja mkubwa” ni maneno yaliyoziponza benki nyingi. Septemba 2018 Benki Kuu ya Kenya ilizitoza benki tano faini ya jumla ya shilingi za Kenya milioni 392.5 kuhusu fedha za Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS). Miongoni mwa makosa ni kutoripoti miamala mikubwa ya fedha taslimu na kupitisha malipo makubwa bila nyaraka za kutosha.

Uandishi wenyewe una maana kubwa. “Mteja anatia shaka, ana fedha nyingi” hakumsaidii mchunguzi. Andika hivi: “Mteja aliyejisajili kama fundi cherehani aliingiza 14,000,000 taslimu tarehe 3, 4 na 6, katika matawi mawili. Kila mara fedha zilihamishiwa akaunti ileile ndani ya saa moja. Alipoulizwa alisema ni mauzo ya gari, hakuleta mkataba.” Ondoa sifa, weka tarehe, viwango, namba za akaunti na maneno yake mwenyewe. Ambatisha nakala ya kitambulisho na fomu ya kufungulia akaunti.

Na mteja akirudi dirishani, mhudumie kama kawaida. Kumdokezea kwamba ameripotiwa ni kosa la jinai, hata kama ni jirani yako na ulidhani unamsaidia.