Maswali ya Wasomaji: Kutoka Tokyo Hadi Los Angeles

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ratiba za ndege kati ya Tokyo na Los Angeles zimenichanganya. Ndege iondokayo Tokyo Jumatatu jioni imeandikwa kuwa itatua Los Angeles asubuhi ya Jumatatu hiyo hiyo, ilhali inayorudi hutua Tokyo siku ya pili yake. Je, miji hii iko umbali gani, na safari huchukua saa ngapi hasa?

JIBU: Ndugu msomaji, umbali ni takriban kilomita 8,800. Kwenda Los Angeles huchukua kama saa 10, na kurudi Tokyo karibu saa 12.

Ratiba huandika saa za kila mji kwa majira ya mji huo, na katika miezi ya baridi Tokyo huwa mbele ya Los Angeles kwa saa 17. Ndege ikiondoka Tokyo saa 11 jioni ya Jumatatu na kuruka saa 10, huko ilikotoka itakuwa saa 9 usiku wa kuamkia Jumanne. Ondoa saa 17, utapata saa 4 asubuhi ya Jumatatu. Abiria amevuka Mstari wa Kimataifa wa Tarehe, yaani mstari wa kufikirika katika Bahari ya Pasifiki ambapo tarehe hubadilika, na siku aliyoipata kwa kwenda mashariki ataitoa atakaporudi.

Kuhusu umbali, ramani ya ukutani hupotosha sana. Kwa kuwa miji yote miwili iko karibu na latitudo ya nyuzi 35 kaskazini, mtu hudhani kwamba njia fupi ni kuifuata latitudo hiyo moja kwa moja, kumbe njia hiyo ingefikia kilomita 9,300 hivi. Chukua tufe la dunia na uzi, uukaze kutoka mji mmoja hadi mwingine, nawe utaona uzi unapanda hadi karibu nyuzi 48, kuelekea visiwa vya Aleutian vya Alaska, kisha unashuka. Nakusihi ulifanye jaribio hili kwa mkono wako, kwa maana hakuna maelezo yanayolishinda.

Tofauti ya saa mbili kati ya kwenda na kurudi husababishwa na upepo. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, Wasaburo Oishi, alirusha maputo na kugundua kwamba juu sana angani hupita upepo mkali utokao magharibi. Wakati wa baridi upepo huo huweza kuzidi kilomita 300 kwa saa juu ya Japani. Ndege ya abiria huenda kama kilomita 900 kwa saa ikilinganishwa na hewa inayoizunguka, wala si ardhi iliyo chini yake. Ikisukumwa kwa wastani wa kilomita 100 kwa saa, itamaliza kilomita 8,800 kwa saa 9 kasoro. Ikikabili upepo huo huo, itahitaji saa 11. Ndiyo maana wapangaji wa safari za kurudi Tokyo mara nyingi huipeleka ndege kaskazini zaidi, wakikubali kilomita za ziada ili kuukwepa upepo.

Muda wa kwenye ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka langoni hadi inaposimama kwenye lango la uwanja wa pili, kwa hiyo dakika za kutembea ardhini zimo pia ndani yake.