Nyundo za West Ham si za seremala

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina banda umiza hapa Mwanza. Wateja wangu wengi ni wa Arsenal na Manchester United, ila mimi ni Wagonga Nyundo tangu utotoni, na nataka nembo ya West Ham ichorwe ukutani, upana wa mita mbili. Mchoraji kaanza na nyundo mbili za kung'olea misumari, juu yake ngome, chini kaandika 1900. Sasa ubishi umezuka. Mteja mmoja anasema nyundo ni mchezo wa maneno tu kutokana na neno "Ham". Mwingine kaona video kwamba wafanyakazi waliogoma ndio waliochangishana fedha wakaanzisha timu. Tuchore nini, tuandike nini? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Marahaba. Mwambie mchoraji asimame hapo alipofika, kwa sababu nyundo zenyewe zimekosewa, na ukizielewa nyundo nusu ya ubishi wenu inakwisha.

Nyundo ya seremala ina meno mawili nyuma ya kung'olea msumari. Nyundo za West Ham hazina meno, maana hazikugusa msumari hata siku moja. Ni nyundo za kupigia ribiti, yaani pini fupi nene za chuma zilizotumika kuunganisha mabamba ya chuma ya meli. Kichwa chake ni kirefu na chembamba, kimetokeza pande zote mbili za mpini, kila upande una uso mdogo bapa wa kupigia. Mpini ni mrefu. Zipishane kama herufi X, vichwa juu. Mchoraji akizipa meno, au akizinenepesha kama nyundo za kuvunjia mawe, amechora kazi ya watu wengine.

Umbo hilo lina sababu. Kabla mashine za hewa hazijaenea, ribiti ilipigwa kwa mkono na kikosi kidogo. Kijana mmoja alikaa na jiko la mkaa na mivukuto, akiichoma ribiti mpaka inawaka. Aliitoa kwa koleo na kuirusha, mwenzake akaidaka na kuitia kwenye tundu lililopenya mabamba mawili yaliyolaliana. Upande wa ndani mtu aliegemeza nyundo nzito kwenye kichwa cha ribiti isirudi nyuma. Upande wa nje walisimama wapigaji wawili, na kikosi kizuri kilikuwa na mmoja wa mkono wa kulia na mmoja wa kushoto, wakipokezana mapigo kwenye mkia wa ribiti mpaka unajaa kwenye tundu na kutandazika. Ikipoa, ribiti husinyaa na kuyavuta mabamba yakabana. Ikipigwa ikiwa imeshaanza kupoa, haijazi tundu, na maji hupita. Ikiunguzwa kupita kiasi inakuwa dhaifu, inavunjika. Kwa hiyo wapigaji walikuwa na muda mfupi sana, mara nyingi kwenye kona finyu za meli, na ndiyo maana kichwa cha nyundo ni chembamba: kifike, na pigo lote litue mahali padogo.

Nakupa maelezo yote haya kwa sababu wengi wanaichukulia nyundo kama pambo. Ile ni zana ya kazi maalumu, mahali maalumu: kiwanda cha Thames Ironworks, kwenye mdomo wa kijito cha Bow Creek, mashariki mwa London, ambako mto Lea unaingia Thames. Ndicho kilichounda HMS Warrior, manowari ya chuma iliyoshushwa majini Desemba 1860, na meli hiyo bado ipo Portsmouth mpaka leo. Na hapa Kiswahili chetu kimefanya kazi nzuri kuliko Kiingereza. Kiingereza kinaitaja zana peke yake, "Hammers". Watangazaji wetu walipoita timu "Wagonga Nyundo" walimtaja mtu anayeishika, na mtu huyo alikuwepo kweli.

Huyo mteja wako wa "Ham" mjibu kwa upole. Ham ni neno la kale la Kiingereza la ardhi kavu iliyozungukwa na maji au vinamasi, na eneo lile liko kati ya mito Lea, Thames na Roding. Jina la mahali lina umri wa karne nyingi kuliko mpira wenyewe. Kufanana kwa sauti kumesaidia jina la utani kushika, hilo sikatai, lakini nyundo zimetoka kiwandani. Ushahidi wake ni jina la utani la pili, ambalo halifanani na Ham hata kidogo: mashabiki mpaka leo wanaimba wakiita timu yao "Irons", yaani Vyuma. Hilo limetoka moja kwa moja kwenye Thames Ironworks.

Sasa nije kwa mteja wa pili, kwa sababu alichokiona kwenye video ndicho kinachonikera kuliko vyote, na maswali yake hayaishi kuletwa. Eti wafanyakazi waligoma, wakachanga, wakaanzisha klabu yao dhidi ya bosi. Hadithi inasisimua, lakini imegeuzwa kichwa chini. Klabu ilianzishwa na bosi.

Bosi huyo ni Arnold Hills. Alisoma Harrow na Oxford, alikuwa mkimbiaji hodari, na aliichezea Uingereza mechi moja dhidi ya Scotland mwaka 1879. Aliingia kwenye bodi ya kampuni mwaka 1880. Hakunywa pombe, hakula nyama, na aliishi Canning Town miaka kadhaa, jirani na wafanyakazi wake, jambo ambalo wenye viwanda wengi wa enzi hiyo wasingelifikiria. Mwisho wa miaka ya 1880 eneo lile lilitikiswa na migomo, ukiwemo mgomo mkubwa wa makuli wa bandari wa 1889, na kiwanda chake hakikusalimika. Jibu lake lilikuja kwa awamu. Mwaka 1892 alitangaza mpango wa kugawana faida na wafanyakazi. Mwaka 1894 alikubali siku ya kazi ya saa 8. Zikaja klabu za kiwanda: kriketi, baiskeli, makasia, bendi ya matarumbeta, chama cha kuacha pombe. Mpira wa miguu ulifuata mwezi Juni 1895, baada ya nyapara mmoja wa uundaji meli, Dave Taylor, kulishughulikia wazo, na ukatangazwa kwenye gazeti la kiwanda lenyewe. Wachezaji zaidi ya 50 walijiandikisha, ada ya mwaka ikiwa shilingi 2 na peni 6.

Kwa hiyo mchango ulikuwepo, lakini ulikuwa ada ya uanachama katika klabu iliyolindwa na mfuko wa mwenye kiwanda. Ukitaka wafanyakazi walioanza wenyewe, vuka mto uende Woolwich, ambako mwaka 1886 mafundi wa kiwanda cha silaha cha serikali walichanga peni 6 kila mmoja wakanunua mpira. Hiyo ndiyo Arsenal. Wenye kutengeneza video wamechukua mwanzo wa klabu moja wakauvisha jezi ya nyingine.

Je, hii inaondoa asili ya wafanyakazi ya West Ham? Hata kidogo. Tazama waliocheza. Charlie Dove alikuwa mwanagenzi wa kupiga ribiti. Walter Tranter na James Lindsay walikuwa mafundi boila. Thomas Freeman alikuwa mchochea moto wa meli. Walicheza kwa ridhaa, baada ya kazi, na mechi yao ya kwanza, tarehe 7 Septemba 1895 kwenye uwanja wa Hermit Road, walitoka sare 1-1 na kikosi cha akiba cha Royal Ordnance. Msimu huohuo walicheza usiku chini ya taa za umeme, mpira ukichovywa kwenye chokaa ili uonekane. Mikono na miguu ni ya wafanyakazi. Hela na ardhi ni za bosi. Anayeficha upande mmoja anadanganya, na anayewafanya wafanyakazi wale kuwa wanamapinduzi anawanyima historia yao halisi, ambayo ni ya watu waliocheza mpira ndani ya mpango uliobuniwa kuwatuliza, wakaufanya kuwa wao.

Mfuko huo haukuwa mdogo. Mwaka 1897 Hills alifungua Memorial Grounds kule Plaistow, uwanja uliomgharimu pauni 20,000, wenye njia ya baiskeli na bwawa la kuogelea. Timu ikaingia Southern League, ligi ya klabu za kusini mwa Uingereza, mwaka 1898, wachezaji wa kulipwa wakaanza kuletwa, na hapo ndoto ya Hills ya mpira wa ridhaa ikaanza kubomoka. Kampuni ilipoinunua John Penn & Sons, waundaji wa injini za meli, mwaka 1899, ilihitaji mtaji wa umma, na Hills mwenyewe hakuweza tena kuibeba timu kama zamani. Juni 1900 klabu ya kiwanda ikavunjwa. Tarehe 5 Julai 1900 ikasajiliwa West Ham United, kampuni yenye wanahisa. Mechi yake ya kwanza, 1 Septemba, iliifunga Gravesend 7-0, na Billy Grassam alifunga manne.

Sasa umeona mwaka wa kuandika. Ukiandika 1895 unahesabu timu tangu kiwandani. Ukiandika 1900 unahesabu usajili wa jina la sasa. Yote miwili ina msingi, lakini chini ya nyundo za ribiti mimi ningeandika 1895, maana nyundo ni za kiwanda.

Ngome ndiyo inayoharibu picha yako. Ngome haihusiani na 1895 wala 1900. Inawakilisha jumba la zamani la Green Street, watu wakiliita Boleyn Castle, lililokuwa kando ya uwanja wa Boleyn Ground, na timu ilihamia pale mwaka 1904. Mwaka 2016, timu ilipohamia uwanja wa Olimpiki, ngome iliondolewa kwenye nembo na neno London likaongezwa. Kwa hiyo chagua: nembo ya sasa, nyundo na neno London bila ngome, au nembo ya enzi ya Boleyn, yenye ngome. Nyundo, ngome na 1900 pamoja, kama zilivyo ukutani kwako sasa, vinamfanya mtoto anayetazama aamini ngome ilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Rangi: damu ya mzee na samawati. Mchoraji asianze na kahawia. Aanze na nyekundu, atie nyeusi kidogokidogo na tone la buluu, ajaribu kwenye ubao na aache ikauke kabla hajagusa ukuta, kwa sababu rangi ya mafuta huonekana tofauti ikikauka.

Kuhusu video kwa ujumla, nawaomba wenye mabanda na wasimamizi wa makundi ya WhatsApp: kabla hamjasambaza historia ya klabu yoyote, pigeni hesabu ya miaka. Hesabu peke yake inaangusha nusu ya hadithi. Kuna ile inayosema uhasama wa West Ham na Millwall ulizaliwa kwenye mgomo mkuu wa 1926, wafanyakazi wa meli wa Thames Ironworks wakigoma na wa upande wa Millwall wakikataa. Thames Ironworks ilifungwa mwaka 1912, baada ya viwanda vya kaskazini, vilivyo karibu na makaa na chuma, kuizidi kwa bei. Manowari yake kubwa ya mwisho, HMS Thunderer, ilishushwa majini Februari 1911. Kiwanda kisichokuwepo hakiwezi kugoma. Tena timu hizo mbili zilikuwa zimeshakutana kwenye Kombe la FA Desemba 1899, na Millwall yenyewe ilianzia kwenye kiwanda cha vyakula cha Morton mwaka 1885, halafu ikahama kwenda kusini ya Thames mwaka 1910.

Nyingine ni ya jezi: kwamba William Dove, baba yake Charlie na mkimbiaji wa mbio fupi, aliwashinda wachezaji wa Aston Villa kwenye mbio za dau huko Birmingham, nao wakalipa kwa seti ya jezi. Inasimuliwa sana na inapendeza, lakini hakuna hati inayoibeba, kwa hiyo isimuliwe kama simulizi, isiandikwe ukutani kama tarehe. Kinachojulikana ni kwamba timu ya 1895 ilivaa buluu iliyokoza, na damu ya mzee na samawati hazikuja mpaka kuelekea 1900. Siku hizi zinazunguka picha za timu ya kwanza zilizopakwa rangi na programu za kompyuta, wachezaji wote wamevishwa jezi za leo. Mtu akikuletea picha ya 1895 yenye damu ya mzee, mrudishie, umwombe ile ya nyeusi na nyeupe.