Mtoto uwanjani: masikio yake kwanza, jezi baadaye

Mwanangu alikuwa na miezi 7 nilipomwingiza Uwanja wa Mkapa kwa mara ya kwanza. Haikuwa dabi. Ilikuwa mechi ya ligi, Simba na timu ya mkoani, na nilijiambia watu hawatakuwa wengi, tutaangalia kipindi kimoja turudi zetu Mbagala. Nilimvalisha jezi ndogo nyekundu aliyonunuliwa na babu yake, nikamfunga kifuani kwa kanga. Getini kila niliyepishana naye alimshika mguu: "Mwanasimba huyo, karibu nyumbani!" Siku nyingi sikuwa na furaha kama ile.

Tulikaa mzunguko. Safu ya nyuma yetu walikuwepo vijana wawili wenye vuvuzela, vijana wazuri tu, walikuwa wameshamchekea mtoto tangu tunakaa. Goli lilipoingia walisimama, wakazipuliza zote mbili juu ya vichwa vyetu. Mwanangu hakulia hapo hapo. Alikakamaa mwili mzima, vidole vikafunguka kama mtu anayeanguka, mdomo ukawa wazi na sauti haitoki. Kilio kilipokuja sikukisikia. Nilikihisi kikitetema kifuani kwangu, basi, kwa jinsi uwanja ulivyokuwa unaunguruma.

Mama mmoja mtu mzima aliyekuja na wajukuu wake alinishika mkono, akanipitisha katikati ya watu mpaka nyuma ya jukwaa. Akaniambia, "Mwanangu, mpira haukimbii. Masikio ya huyu bado laini." Nilinyonyesha nimesimama, nimeegemea ukuta, na mechi sikurudi kuiona.

Wiki ile nilipompeleka kliniki nilimweleza nesi. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba tundu la sikio la mtoto ni fupi na jembamba, kwa hiyo sauti kali, zile za juu kama filimbi, humfikia zikiwa na nguvu kuliko zinavyotufikia sisi. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikifa havioti tena, iwe kwa mtoto au kwa mtu mzima.

Nikaanza kusoma. Kipimo kinachotumika sana kwa wafanyakazi wazima ni hiki: kelele ya desibeli 85 (desibeli ndizo zinazopima ukali wa sauti) mtu asikae nayo zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. Ikifika 94 umebakiwa na saa moja. Ikifika 100, dakika 15. Wataalamu wa Afrika Kusini walipoipima vuvuzela kabla ya Kombe la Dunia la 2010, walipata desibeli 131 kwenye mdomo wake, na mita 2 mbele bado ilikuwa 113. Kwa hesabu ile ile, 113 haikupi hata dakika moja. Mwanangu hakuwa hata mita 2 kutoka kwenye vuvuzela, tena zilikuwa mbili.

Mume wangu alisema watoto wetu wamebebwa mgongoni ngomani miaka yote na hawakuwa viziwi. Nilimwambia ngoma ya kijijini haina spika, na hao watoto hakuna aliyewapima. Halafu nikamkumbusha baba yake. Baba mkwe wangu amefanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kusaga nafaka. Leo redio yake inasikika nyumba ya tatu, na mjukuu akimwita "babu" kwa sauti yake ndogo, hageuki. Mume wangu hakubisha tena.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kama unapenda mpira na unataka kwenda na mtoto, nenda, lakini usiende bila vifunika masikio. Nasema vile vikombe viwili vilivyounganishwa kwa ukanda, kama wanavyovaa watu wa viwanja vya ndege. Vipo vya watoto wachanga vyenye ukanda laini wa kitambaa unaozunguka kichwa, visivyobana utosi. Mimi nilivipata Kariakoo baada ya kuzunguka maduka matatu. Angalia kwenye boksi kama pameandikwa vinapunguza desibeli ngapi. Kama hakuna namba, viache, huenda ni vya urembo. Vikombe vilale kwenye ngozi pande zote. Kofia ikipita chini yake, au hereni, sauti inapenya hapo hapo.

Pamba usiitegemee, haizuii kitu cha maana. Kanga ya kichwani pia. Na vile vizibo vidogo vya kusokota ndani ya sikio ni hatari kwa mtoto: akikichomoa, safari ya kwanza ni mdomoni, na kinamkaba.

Usimvalishe kwa mara ya kwanza uwanjani, atavivua. Mimi nilianza nyumbani, dakika 5 wakati ananyonya, kesho yake 10, mpaka akavizoea kama kofia. Vinaonekana ni vitu vya kizungu, najua. Februari 2010, Drew Brees aliposhinda fainali ya mpira wa Kimarekani pale Miami, alimnyanyua mwanawe wa mwaka mmoja katikati ya karatasi zinazoanguka, na mtoto alikuwa amevaa vifunika vikubwa masikioni. Picha ile ilizunguka dunia nzima. Sikio la mtoto wa Temeke ni sikio lile lile.

Kuna jambo linalowadanganya wengi, nami lingenidanganya: mtoto akilala katikati ya kelele, tunasema kazoea. Hajazoea. Mtoto aliyezidiwa na vurugu hufunga macho na kulala, lakini sikio halilali pamoja naye. Akilala, ndiyo kwanza hakikisha vikombe havijateleza.

Kuhusu pa kukaa, kaa mbali na kundi la ngoma, mbali na spika za matangazo, karibu na njia ya kutokea. Ukiona vuvuzela nyuma yako, hama mapema kabla viti havijajaa. Au waombe, wengi wanaelewa ukiwaonyesha mtoto. Watu hudhani uwanja mdogo una nafuu. Chamazi inabeba watu kama 10,000 tu, Mkapa 60,000, lakini Chamazi ngoma iko karibu nawe zaidi. Angalia umbali wako na kelele, siyo ukubwa wa uwanja.

Ingia mapema, toka dakika 10 kabla ya filimbi ya mwisho. Msongamano wa getini na mtoto kifuani sitaki kuuona kwa mtu yeyote. Jua na maji unavijua mwenyewe, nyonyesha mara kwa mara.

Dabi ya Simba na Yanga sitampeleka mpaka akue. Simba Day na Wiki ya Mwananchi, sherehe za kila mwaka za klabu hizo mbili, pia hapana: pale muziki unapigwa kutwa nzima kabla hata mpira haujaanza, na vifunika haviwezi kubeba saa zote hizo. Hata mechi ya kawaida, kwa mtoto asiyefika mwaka, kipindi kimoja kinatosha.

Na kama lilishakukuta kama mimi, mwangalie siku zinazofuata. Akiwa na miezi 6 hivi mtoto mwenye afya hugeukia sauti ya mama yake. Simama nyuma yake asipokuona, mwite kwa sauti ya kawaida. Ukiona hageuki, au hashtuki mlango ukijibamiza, usimpe muda. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mimi nilimwita wangu jioni ile ile ya mechi, nikiwa mlangoni na bakuli la uji. Aligeuka. Nilikaa chini palepale nikalia.

Tulirudi Mkapa alipokuwa na miezi 10, safari hii na babu yake. Tulikaa pembeni, karibu na ngazi. Goli lilipoingia sikuangalia uwanja, nilimwangalia yeye. Watu wote wamesimama, babu anarukaruka, na mwanangu, vikombe vya bluu masikioni, alikuwa anatafuna pindo la kanga yangu.