Umemfichia mtoto paspoti, alafu wataka mumeo akuunge mkono?

Mama mmoja wa Lamu anayeishi Uingereza ameniandikia barua ndefu, naifupisha. Bintiye ana miaka 15, kazaliwa huko huko. Ati amekuwa mkaidi, anajibu, anajifungia chumbani na simu, buibui hataki. Mwezi wa saba akamleta Lamu akamwambia ni likizo tu, sasa ni mwezi wa kumi, paspoti kaificha, na kuna mtoto wa dadake wa miaka 27, "kijana mzuri, ana boti lake", ashaanza kutajwa amuoe. Mume kabaki kazini kule, kila usiku apiga simu mtoto arudishwe. Mavyaa, mamake mume, naye yuko upande wa mtoto. Mama anauliza afanyeje mumewe amuunge mkono.

Pole mwanangu, kulea ugenini si kazi rahisi. Pole yangu ndio hiyo, sasa tuzungumze.

Barua yako imejaa "watu". Watu wa grupu la wasap wanasema, watu wa mtaani Mkomani watasema, dadako amesema. Mtoto mwenyewe kasema nini? Hakuna hata mstari mmoja. Alafu umeandika kwa uchungu ati zamani alikuwa mtoto mzuri, tangu ana miaka 9 akikusomea barua za serikali na kwenda nawe kwa daktari kukutafsiria. Ngoja hapo hapo. Mtoto wa miaka 9 ulimkalisha mbele ya daktari akaeleza maradhi yako ya uzazi kwa kizungu, mambo ambayo kwetu hata mwari huambiwa faraghani na somo wake, kungwi, kila karatasi ikiingia mlangoni yeye ndiye mkubwa wa nyumba, leo akikwambia "mama, hapo sivyo" wamuita mkaidi? Mdomo huo ulimpa wewe, na ulikufaa sana.

Na mavyaa wako umemsema vibaya bure. Walalamika ati mtoto hushinda kutwa jikoni kwa bibi yake. Anafanya nini huko? Umeandika kwa mkono wako: anakuna nazi, anamsomea vikaratasi vya dawa ya presha, wanaongea Kiamu mpaka usiku. Mfungo Sita alijitanda mwenyewe bila kuambiwa, akafuatana na bibi yake maulidini msikiti wa Riyadha. Kwani ulimleta aje kutafuta nini kingine? Skuli kule wamuona mgeni, nje hapa watoto wamuita mzungu, nyumbani mamake amuona amepotea, pahali pamoja tu anapokaa kitako akatulia ni kwenye mbuzi ya nazi ya bibi yake, na hapo napo wataka kumtoa.

Mumeo wamuita dhaifu, mimi namuona mwanamume timamu. Mtoto kachukuliwa kwa uongo, kazi hawezi kuacha, na bado anapiga simu kila usiku anabembeleza, hajatukana. Hizi ndoa za siku hizi jamani, na za ng'ambo ndio zaidi, mume zamu ya usiku mke zamu ya mchana, wanapishana mlangoni, mambo ya watoto yanasemwa kwa voisi, alafu mmoja anakata shauri pekee yake na akikatazwa anatafuta shangazi wa kumuunga mkono. Mtoto ni wa wawili. Ukitaka kumleta Lamu akae, mngekaa mkazungumza wote, na mtoto mwenyewe yupo.

Huyo wa boti mtoe kichwani leo. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 imeweka miaka 18, na kule England tangu Februari 2023 kumpangia ndoa mtoto wa chini ya 18 ni jinai, hata ndoa ikifungwa nje ya nchi. Dadako anatafuta mkwe au anatafuta viza? Jiulize. Na skuli imefunguliwa tangu Septemba, huu ndio mwaka wake wa GCSE, ile mitihani ya sekondari ya kule, nayo ni Mei na Juni. Akikaa huku miaka miwili mitatu, kesho chuo kikuu kule chaweza kumhesabu mgeni wakamtoza ada ya wageni, manake wanaangalia miaka 3 ya nyuma ulikuwa ukiishi wapi.

Umenitolea samaki mkunje angali mbichi. Dawa ya moto ni maji mwanangu, huyo ushamkunja vya kutosha.

Usiku huu mumeo akipiga pokea wewe, umuombe radhi. Paspoti mkabidhi mavyaa wako aiweke. Dadako mwambie hakuna posa hapa. Alafu nenda jikoni ukae na binti yako, umuulize kule skuli kulitokea nini hata akaanza kujifungia, kwa sababu mtoto hajifungii bila sababu na wewe barua nzima hukuuliza. Akianza kusema usimkatize, hata akichanganya kizungu. Tiketi akate baba yake, ziwe mbili, na iwe wiki hii.