Nakimbia kilomita 30 bila kula, miguu inagoma

SWALI: Najiandaa kwa marathoni, nina kilo 65. Kila Jumapili alfajiri nakimbia kilomita 30 Southern Bypass nikiwa nimekunywa chai ya rangi tu, bila sukari. Wenzangu wa jimu wanasema mwili ukikosa chakula unajifunza kuchoma mafuta. Kilomita ya 26 miguu inagoma na kichwa kinazunguka. Nivumilie? – Mkimbiaji, Lang'ata

JIBU: Usivumilie, ndugu yangu. Wenzako wamekupa nusu ya habari. Mafuta unayo tele, hata ukiwa mwembamba, lakini huchomeka polepole na hudai oksijeni zaidi. Ukiongeza kasi, hayawahi. Ni kama ploti ya Kitengela: mali ipo, ila kondakta hataipokea kama nauli.

Kasi yako inabebwa na wanga uliowekwa akiba kama glaikojeni: ukiwa umekula vizuri, takriban gramu 400 kwenye misuli na 100 kwenye ini. Kwa kalori 4 kila gramu, hiyo ni kama 2,000.

Sasa piga hesabu. Kukimbia hula karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili, kila kilomita. Kilo 65 mara 26 ni karibu 1,700. Mafuta huchangia sehemu, sawa, lakini unatoka nyumbani akiba ya ini ikiwa imepungua sana, maana ubongo umeila usiku kucha. Huenda ndiyo sababu ya kizunguzungu: sukari ya damu imeshuka. Na msuli hauwezi kurudisha glukosi yake kwenye damu, kwa hiyo akiba iliyobaki mikononi haiji kuokoa miguu.

Jumamosi ongeza ugali, punguza sukuma na maharagwe (utanishukuru ukiwa barabarani). Jumapili, saa mbili hivi kabla ya kuanza, kula vipande vitatu vya mkate na jemu, ndizi moja, na chai yenye sukari. Njiani unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Jeli za dukani ni ghali bure: vijiko saba vya chai vya sukari katika nusu lita ya maji, ndimu na chumvi kidogo, tayari una kama gramu 30. Anza kunywa mapema, dakika ya 30, kidogo kidogo. Tumbo likilalamika, punguza, kisha uongeze wiki kwa wiki. Utumbo nao huzoea.

Kukimbia bila kula kuache kwa mbio fupi za taratibu. Kama una kisukari, muone daktari kabla ya kubadilisha chochote.