Jibu: Kichwa cha sanamu ya katuni kupasuka na kuota ukungu

Mwalimu wa Ujiji, umeuliza kwa nini kichwa ulichotengeneza kwa dumu la mawese na magazeti kimepasuka, kisha kikaota ukungu. Umebandika tabaka nyingi kwa mpigo. Juu kumekauka, ndani bado maji. Karatasi inasinyaa, dumu halisinyai, lazima ipasuke.

Bandua yote, maana ukungu utapenya hata ukiupaka rangi. Osha dumu kwa sabuni na maji ya vuguvugu mpaka utelezi wa mawese uishe (hapa ndipo wengi huharibu), kisha liparuze kwa msasa.

Gundi: kikombe 1 cha unga wa ngano, vikombe 5 vya maji, koroga motoni hadi iwe nzito, tia kijiko 1 cha chumvi kupunguza ukungu. Iliyolala mwaga.

Chana gazeti kwa mkono, upana wa sentimita 3. Kingo za mkasi huacha mistari mashavuni. Tabaka moja kwa siku, yakifika manne inatosha. Kaushia kivulini penye upepo. Mvua zikiwepo, ngoja siku mbili. Masikio ni ya boksi, yabandike kabla ya tabaka la pili. Kiwiliwili cha chupa kitie mchanga mkavu robo, la sivyo kichwa kitaiangusha sanamu.