Nakala ya mkataba wako iko wapi?

Mkataba wangu wa kwanza niliusaini juu ya boneti ya gari, nje ya uwanja wa Mkwakwani, Tanga, jioni ya fainali ya ndondo, mashindano ya mpira wa mtaani. Nilikuwa na miaka 21, beki wa kulia, jezi bado imelowa jasho. Viongozi wa timu ya daraja la kwanza ya mkoa mwingine walitaka kuondoka na mimi usiku uleule. Usajili milioni 4: mbili mkononi, mbili tukifika. Kurasa zilikuwa sita, nikasoma moja, ile yenye mshahara. Katibu akazikunja, akazitia kwenye bahasha, bahasha ikaingia begini mwake. Wenzangu wa Ngamiani walikuwa wamenibeba juujuu wakiimba. Kuomba nakala hakukunijia hata akilini.

Zile milioni mbili ziliisha kabla ya mechi yangu ya tatu. Mama nilimpa kidogo, nikanunua simu, nyingine nikala na watu. Siwalaumu, mimi ndiye niliyewaita.

Mwezi wa saba goti la kushoto likazunguka, mguu umebaki chini. Timu ililipia eksirei, ikaishia hapo. Walikuwa wananidai... hapana, mimi ndiye nilikuwa nawadai: mishahara ya miezi mitatu na ile nusu ya usajili. Nikaenda ofisini na magongo yangu. Katibu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mkataba upi, kijana?"

Sikuwa na jibu. Nauli ya kurudi Tanga alinitumia shangazi.

Ndiyo maana nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaocheza Makorora, Mabawa na Chumbageni. Mpira unapandisha mtu kweli. Bakari Mwamnyeto alitoka hapahapa Coastal Union akaenda Yanga mwaka 2020, na kila beki wa mtaani Tanga akaamini zamu yake inakuja. Nanyi aminini. Ila jueni pia upepo unavyogeuka, hata kwa mkubwa kuliko sisi sote. Mbwana Samatta alifunga Wembley tarehe 1 Machi 2020, fainali ya Kombe la Ligi, Aston Villa dhidi ya Manchester City. Septemba mwaka huohuo alikuwa Uturuki, Fenerbahçe, kwa mkopo. Hata miezi saba haikutimia. Lakini Samatta alikwenda Villa na mkataba wa miaka minne na nusu, umeandikwa, kila upande una karatasi yake. Kocha akikubadilikia, karatasi haibadiliki.

Kwa hiyo usisaini usiku, wala usisaini ukiwa na jezi. Waambie unakwenda na mkataba nyumbani ukausome na mzazi, au na mwalimu wako, mtu yeyote anayejua kusoma kwa utulivu. Timu inayokutaka kweli itasubiri hadi asubuhi. Kama hujafika miaka 18, kanuni za FIFA haziruhusu ufungwe kwa zaidi ya miaka mitatu. Tafuta kipengele cha majeruhi: ukiumia nani analipa matibabu, na mshahara unaendelea au unakatika? Mimi hapo ndipo nilipoumia mara mbili. Uliza kuhusu NSSF pia, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchezaji aliyeajiriwa ni mfanyakazi kama wa bandarini, na mwajiri anapaswa kumchangia. Ahadi ya mdomo, iwe nyumba, posho au bonasi, iingizwe kwenye karatasi au uihesabu kuwa haipo.

Mishahara ikikwama, usigome kimyakimya ukarudi nyumbani, maana hapo wewe ndiye utaonekana umetoroka. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili kinyume cha sheria anaweza kuwa na sababu halali ya kuvunja mkataba, lakini kwanza aiandikie klabu na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe. Aiandikie, nasisitiza. Wakikaa kimya, TFF, shirikisho letu la soka, wana kamati inayosikiliza madai ya wachezaji. Itakuomba mkataba.

Na hela ya usajili igawe kabla haijafika mkononi. Inakuja mara moja, mshahara wa mwisho nao haupigi hodi.

Goti langu halikurudi kama zamani. Mjomba alinifundisha ufundi baiskeli, na Tanga hii baiskeli hazijawahi kuisha, namshukuru Mungu nakula. Wiki mbili zilizopita kijana wa Makorora alikuja karakana akihema, ameitwa na timu, wanamtaka asaini leoleo. Nikaacha gurudumu, nikanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, grisi isiguse zile kurasa. Tukazisoma zote nane, sentensi kwa sentensi, tumekaa kwenye benchi. Ukurasa wa tano haukuwa na neno hata moja la matibabu. Akawapigia simu palepale, sauti inamtetemeka: "Shikamoo katibu. Nimesoma. Naomba muongeze jambo moja, halafu mnitolee na nakala yangu."

Waliongeza.